Swift ya haibridi imekataa kuwaka: maswali yenu ya betri

Fundi, shikamoo. Swift yangu ya haibridi imegoma asubuhi, inatoa "tik tik" tu. Jirani kanikataza kubusti, anadai haibridi ikibustiwa inaungua. Ni kweli? (Msomaji, Nzuguni)

Marahaba. Haiungui, ukijua unabusti betri ipi. Swift yako ni haibridi nyepesi: mota inaisaidia injini tu, haiendeshi gari peke yake. Ina betri mbili. Moja ni ile ya kawaida ya volti 12 chini ya boneti. Nyingine ni ndogo, ya lithiamu, na kwenye Suzuki nyingi hukaa chini ya kiti cha mbele. Unabusti ile ya kawaida. Ya lithiamu asiiguse mtu, hata akija na maneno matamu kiasi gani.

Magari mawili yasigusane, yote yazimwe, na taa na feni pia. Waya mwekundu anzia chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi anzia hasi ya betri nzima. Klipu ya mwisho sasa: usiibane kwenye hasi ya betri yako, ibane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Hapa ndipo vijana wengi wa mtaani wanapoharibu. Betri hutoa gesi ya hidrojeni, na klipu ya mwisho ndiyo inayorusha cheche. Halafu magari mengi ya siku hizi yana sensa kwenye hasi ya betri, inapima umeme unaoingia na kutoka. Ukibana juu ya nguzo ile, umeme unapita bila kupimwa na kompyuta inabaki na hesabu ya uongo.

Washa gari zima, liache lingurume kama dakika 5, ndipo ujaribu lako. Likiwaka, toa klipu kwa kurudi nyuma: iliyofungwa mwisho itoke kwanza.

Niko Kibaigwa, magari madogo ni ya kutafuta ila malori ya mahindi yamejaa. Naweza kuombea umeme kwenye lori?

Hapana. Malori mengi makubwa ni ya volti 24. Umeme huo ukiingia kwenye gari lako unaweza kuunguza kontroli boksi, na bei ya kontroli boksi utaisikia ukiwa umekaa. Wapo madereva wanaobana kwenye betri moja tu ya lori ili wapate volti 12. Ukikosea nguzo moja, umekwisha. Subiri Noah ipite.

Je, nikisukuma?

Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa. Utatoka jasho bure.

Niliacha Mercedes yangu ya volti 48 wiki mbili, nikapanda SGR kwenda Dar. Nimerudi Dodoma, hata milango haifunguki kwa rimoti. Betri kubwa ilikuwa inafanya nini?

Ilikuwa imejifungia. Betri ya volti 48 ina swichi ndani yake, na swichi hizo huunganishwa ili zipitishe umeme kwa nguvu ya betri ndogo ya volti 12. Ndogo ikifa, kubwa haina mtu wa kuifungulia mlango. Ndiyo maana hata Aqua, ambayo ni haibridi kamili na siyo nyepesi, hulala kwa sababu ya betri ndogo.

Ingia kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, kisha busti kwenye nguzo ambazo kitabu cha gari kinakuonyesha. Kwenye magari mengine betri iko nyuma, ila nguzo za kubustia ziko chini ya boneti. Usitegemee mzunguko wa kutoka stesheni hadi Area C kuijaza betri hiyo ndogo. Ipeleke kwenye chaja usiku kucha. Ikipoa, ipimwe: betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikishuka tena bila kutumika, hiyo ni ya kubadilisha, na joto la kwetu huwa limechangia kuichosha.

Fundi wa Majengo anataka kunifungia betri ya kawaida, eti zote ni volti 12.

Volti ni zilezile, kazi siyo ileile. Gari linalojizima kwenye taa na kujiwasha lenyewe linahitaji AGM au EFB, aina za betri zinazostahimili kuwasha gari mara nyingi. Soma maandishi ya betri ya zamani, nunua aina hiyohiyo. Baadhi ya magari ya Ulaya pia yanataka betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta ya gari kwa mashine, kwa hiyo muulize fundi kama anayo kabla hajashika spana.