Mashine ya kuvuta mgongo: nilipe au nisilipe?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 41, dereva wa semi, naenda Dar es Salaam hadi Tunduma na kurudi. Wiki ya saba hii maumivu yananitoka kiunoni, yanapita tako la kushoto hadi dole gumba la mguu. Nikipiga chafya naona nyota. Mwanzo nilidhani ni figo, nikanywa maji mpaka nikachoka. MRI inasema diski ya L4/L5, kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, imetokeza, imegusa neva. Kuna kituo chenye mashine ya kuvuta mgongo kwa kompyuta, vipindi 20 kwa shilingi 1,600,000, zilipwe zote mwanzoni. Wameniambia nisipofanya hivyo nitaishia kwenye kisu. Pesa ninayo, ila ni ada ya watoto. – Dereva, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Ada ipeleke shuleni.

Mashine hiyo mimi naijua tangu haijawa na kompyuta. Nilipoanza kazi ya fiziotherapia tulimfunga mgonjwa mkanda kiunoni, kamba ikapita kwenye kapi miguuni pa kitanda, mwisho wake tukaning'iniza vyuma. Siku hizi kitanda chenyewe kimekatwa nusu mbili, kinavuta na kulegeza kwa dakika 20 au 30. Wazo ni lilelile: diski ina ganda la nyuzi na ute mzito ndani, ukizitenganisha pingili mgandamizo unapungua, labda ute ukarudi. Wazo si la kijinga. Wagonjwa wangu wengi walipata nafuu wakiwa wamelala pale. Wakishuka na kuvaa viatu, maumivu nayo yanarudi.

Mwaka 2013 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 32 za kuvuta mgongo, zenye watu zaidi ya 2,700, wenye siatika (maumivu ya neva yanayoshuka mguuni, kama yako) na wasio nayo. Faida haikuonekana, au ilikuwa ndogo mno. Uingereza, mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi inayoweka miongozo ya tiba huko, unawaambia wataalamu wasiitoe kabisa tiba hiyo. Wenye mashine watakwambia yao ni tofauti na ile ya kamba. Basi waonyeshe inaipita kwa lipi.

Kinachowapa sifa ni kalenda. Siatika ya diski mara nyingi hutulia yenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12, na mwili huweza kuula ute uliochomoza. Vipindi 20 navyo huchukua wiki tano, sita. Jogoo awike asiwike, kutakucha. Na hilo la kisu ni la kukutisha tu, wengi wenye picha kama yako hawafiki chumba cha upasuaji.

Ila leo hii nifanyie jambo moja. Simama, tembea kwa visigino, vidole vikiwa juu. Mguu wa kushoto ukianguka na kuburuza, neva imeanza kudhoofika. Rudi kwa daktari wiki hii. Ukipata ganzi sehemu unayokalia, mkojo ukagoma au haja ikakutoka bila kujua, usisubiri hata asubuhi, nenda hospitali kubwa usiku huohuo. Na kama una homa za jioni na unakonda, sema, maana TB ya uti wa mgongo huku kwetu ipo, na mgongo wenye TB hauvutwi.

Visigino vikikubali, usilale kitandani kutwa. Tembea dakika kumi, mara nne au tano kwa siku, hata kama mguu unalalamika kidogo. Lala kifudifudi, inuka kwa viwiko. Maumivu yakipanda kutoka mguuni kuja kiunoni, endelea, yakishuka zaidi, acha. Tafuta fiziotherapia hospitali ya mkoa, vipindi vichache vya mazoezi vitakutosha.

Tunduma muachie mwenzako wiki mbili tatu. Ukirudi barabarani, sogeza kiti mbele, simama kila saa ushuke utembee kulizunguka gari, na kufunga turubai muachie utingo. Hiyo pochi iliyojaa risiti za mizani nayo itoe mfuko wa nyuma.