Kupata Fleti ya Kupanga Katika Mji Mdogo Ukiwa na Mbwa

Katika mji mdogo, fleti nyingi hupata mpangaji mpya kabla tangazo halijabandikwa popote, kwa sababu anayehama humwambia jirani, jirani naye humwambia ndugu yake, na habari huishia hapo. Kwa mtu mwenye mbwa hali hiyo ina ugumu wake na pia heri yake: nyumba ni chache, lakini mwenye nyumba huwa mtu anayefikika, ambaye unaweza kukaa naye na kuzungumza. Mimi nimepanga nyumba kwa miaka mingi nikiwa na mbwa mkubwa, na ninaamini kwamba kazi kubwa ya mtafutaji ni kumwondolea mwenye nyumba hofu, maana mara nyingi anayekataliwa hasa ni mbwa wa mpangaji aliyepita.

Kabla ya kumpigia dalali simu, mwone daktari wa mifugo, kwa kuwa anawafahamu wafugaji wa mbwa wa mji mzima na huenda amesikia nani anakusudia kuhama. Fleti ninayoishi sasa niliipata kwa njia hiyo.

Siku ya kuonana na mwenye nyumba, nenda na mbwa akiwa ameogeshwa, amefungwa kamba na amekwisha kutembezwa vya kutosha ili awe ametulia. Chukua pia kadi yake ya chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza karibu kila mara huishia kwenye kifo, pamoja na barua ya mwenye nyumba wa awali kama unaweza kuipata. Mwenye nyumba wangu hakuanza na karatasi. Aliinama, akainua mguu wa mbele wa mbwa, akapitisha kidole kwenye makucha, kisha akanipeleka kwenye mlango wa chumba cha nyuma ambako rangi ilikuwa imekwanguliwa kuanzia kwenye kitasa hadi chini, mbao zikabaki wazi. Nilimweleza kwamba makucha ya mbwa wangu hukatwa mara kwa mara, na kwamba mbwa anayekwangua mlango namna ile kwa kawaida ni yule anayeingiwa na hofu anapoachwa peke yake. Baada ya hapo mazungumzo yetu yalikuwa mepesi.

Hofu hiyo ya upweke ndiyo ninayowasihi wenzangu waishughulikie mapema, kwa sababu kubweka huwachosha majirani kuliko jambo jingine lolote. Washa simu irekodi sauti, toka nje kwa muda, kisha usikilize mbwa alifanya nini. Akiwa analia au kubweka bila kukoma, mzoeze kuachwa kwa dakika chache tu, ukiongeza muda kidogo kidogo kadiri anavyotulia, na uanze zoezi hilo kabla ya siku ya kuhama, kwani nyumba ngeni humzidishia wasiwasi. Ukiwa na mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo, au mtoto wa mbwa asiyeweza kuzuia mkojo kwa muda mrefu, tafuta fleti ya chini. Ngazi zitawatesa nyote wawili.

Usimfiche mbwa kamwe. Katika mji mdogo siri hiyo hudumu hadi matembezi ya kwanza tu.

Ruhusa ya mdomo pekee haitoshi, kwa sababu nyumba inaweza kuuzwa au kurithiwa, na mmiliki mpya asitambue ahadi asiyoiona popote. Mkataba utaje kwamba mbwa anaruhusiwa, kiasi cha amana na masharti ya kuirudisha, nawe upige picha za milango na sakafu siku unayokabidhiwa funguo. Mwenye nyumba akisitasita, pendekeza muda wa majaribio ulioandikwa ndani ya mkataba huohuo. Akikataa kabisa, mshukuru na umwachie namba yako, kwa maana wenye nyumba wa mji mdogo hufahamiana, na huenda yeye ndiye atakayekutaja kwa mwenzake asiyeogopa mbwa.