Atomi hutetema au hutetemeka?

SWALI: Natafsiri makala ya fizikia kuhusu BaFe2As2 (bariamu, chuma na aseniki), kampaundi asilia ya supakondakta zenye chuma, yaani vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani vikipozwa sana, iliyopimwa kwa miale ya infraredi. Nimeandika: "Mtetemeko wa fuwele wa sentimita 253 unapasuka chini ya nyuzi kelvini 138." Mhariri kairudisha. Kosa liko wapi?

JIBU: Yako kadhaa, na zito zaidi ni mtetemeko. Katika mazungumzo ya kila siku tetema na tetemeka hukaribiana mno, lakini mtetemeko huleta picha ya baridi, homa au hofu. Mtu akipigwa na baridi ndipo anapotetemeka zaidi. Atomi ni kinyume chake, ukiipoza fuwele mwendo wake hupungua. Mtetemo, neno lililokwisha kuzoeleka katika fizikia, ni kwenda na kurudi kwa mpigo maalumu tu. Tikisa nalo lina mahali pake, kwa kuwa hudai mtendaji wa nje: miale ya infraredi ndiyo inayozitikisa atomi zenye chaji, na mpigo wa miale ukilingana na wa mtetemo, nishati yake humezwa.

Kinachotetema pia si fuwele. Fuwele ni kile kipande unachokishika kwa kibanio. Mpangilio wa atomi ndani yake ni kimia, neno la wavuvi, wavu wenye matundu yanayojirudia sawasawa. Linafaa kabisa.

Sentimita 253 ni zaidi ya mita mbili na nusu! Bila shaka makala yenyewe inasema 253 cm⁻¹, na kipimo cha cm⁻¹ huhesabu mawimbi yanayoenea katika sentimita moja, basi andika "mawimbi 253 kwa sentimita". Wimbi moja hapo lina urefu wa takriban mikromita 40. Kelvini haichukui nyuzi.

Pasuka itampotosha msomaji, maana sampuli inaweza kupasuka kwelikweli inapopozwa. Kinachotokea ni kwamba mraba wa atomi za chuma hugeuka mstatili, pande mbili zilizokuwa sawa zikatofautiana, na mtetemo uliokuwa na mpigo mmoja ukapata miwili. Andika: "Chini ya takriban kelvini 138, mtetemo wa kimia wenye mawimbi 253 kwa sentimita hutengana kuwa miwili."

Asilia ibakize, kwa maana ya kampaundi mama ambayo supakondakta hutokana nayo. BaFe2As2 yenyewe, katika kanieneo ya kawaida, si supakondakta. Huwa supakondakta sehemu ya bariamu ikibadilishwa kwa potasiamu.