Hadubini za leza: maswali yenu ya wiki hii

*Shikamoo mwalimu. Hadubini ya konfokali ina tofauti gani na ile tuliyotumia shuleni? (Mwanafunzi wa biolojia, Morogoro)*

Marahaba. Ile ya shule humulika sampuli yote kwa pamoja. Ukiweka kipande kinene cha ini, mwanga wa juu, wa kati na wa chini unakufikia jichoni umechanganyika, ukaona ukungu. Ya konfokali humulika nukta moja tu kwa leza, na mbele ya kigunduzi chake, yaani kifaa kinachopokea mwanga, pana kitundu chembamba sana. Mwanga wa nukta ile hupita. Uliotoka juu au chini yake hugonga ukingo na kuishia hapo. Leza hupitishwa nukta kwa nukta, mstari kwa mstari, na kompyuta huunga picha. Kisha unashuka kina kidogo na kupiga tena, mpaka upate slesi kama za mkate, ambazo ukizipanga zinakupa umbo zima la seli.

Marvin Minsky, Mmarekani, aliombea wazo hili hataza mwaka 1957, kabla leza ya kwanza haijawaka mwaka 1960. Ilibidi lingoje hadi miaka ya 1980, leza na kompyuta zilipofika maabara, ndipo likapata kazi ya kweli.

*Hadubini ya multifotoni nayo inatumia mwanga wa infraredi, ambao hata hatuuoni. Inawezekanaje itoe picha ya kijani? (Nairobi)*

Swali hili nimelipenda kuliko yote. Rangi tunayoitia sampuli ili ing'ae kijani kwa kawaida huamshwa na fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ya buluu. Mwaka 1931 Maria Göppert-Mayer alionyesha kwa hesabu kwamba fotoni mbili zenye nusu ya nishati hiyo, zikimezwa kwa wakati mmoja, zitafanya kazi ileile. Lakini zikutane vipi? Lazima ziwe zimesongamana mno. Mwaka 1990, Winfried Denk, James Strickler na Watt Webb wa Chuo Kikuu cha Cornell waliifanikisha kwa leza inayopiga mapigo mafupi sana. Leza za leo za kazi hii hutoa takriban mapigo milioni 80 kwa sekunde.

Utamu wake ni huu: msongamano huo upo tu kwenye nukta ambapo lenzi hukusanya mwanga. Juu na chini yake hakuna kinachong'aa, kwa hiyo kitundu hakihitajiki, na kila chembe ya mwanga inayorudi ni halali, hata iwe imepotea njia ndani ya nyama. Infraredi nayo haitawanyiki sana kwenye tishu. Konfokali huanza kuchoka kwenye sehemu ya kumi ya milimita. Multifotoni imeonyesha neva za panya aliye hai kwa kina kinachokaribia milimita nzima.

*Sampuli yangu inafifia kabla sijamaliza kupiga picha. (Dar es Salaam)*

Leza inaichoma rangi. Tafuta eneo lako kwa nguvu ndogo kabisa, ipandishe wakati wa kupiga tu, na tumia kiowevu cha kufunikia kinachozuia kufifia.

*Zahanati yetu bado inapima malaria kwa hadubini ya kawaida. Tumeachwa nyuma? (Mtaalamu wa maabara, Kigoma)*

Hapana, ndugu yangu. Tone nene la damu, rangi ya Giemsa na lenzi ya mara 100 yenye mafuta vinamtosha mgonjwa wako. Leza haitamwongezea kitu.

Mahali pake ni utafiti. Vimelea vya malaria vilivyopandikizwa protini ya kijani ya konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha, vimefuatiliwa kwenye ngozi ya panya baada ya kuumwa na mbu. Vilionekana vikitambaa vyenyewe kutafuta mshipa, wala havikuwa vimemiminwa vyote moja kwa moja kwenye damu. Ndiyo maana watafiti wa chanjo sasa wanaitazama ngozi kwa makini.

Nawe lenzi yako ya mafuta ifute kila jioni kwa karatasi ya lenzi, si kwa pamba wala shati. Mafuta yakikauka, hata vimelea vilivyopo hutaviona.