Tulishikana tu, naweza kuwa nimepata VVU?

SWALI: Dokta, wiki iliyopita nilikuwa na msichana, tukabusiana na kuchezeana kwa mikono tu, hatukuingiliana, ila majimaji yake yalinigusa kidoleni na nina kidonda kilishakauka. Silali kabisa, nimeshaambukizwa?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, lala. Mate hayaambukizi VVU na ngozi nzima haipitishi kirusi, kidonda kikishakauka kimeshafunga, yaani hapo njia hakuna. Kirusi kinataka damu, shahawa au majimaji ya ukeni yafike kwenye utando laini wa ndani au kwenye damu moja kwa moja, kikikaa nje ya mwili kinadhoofika haraka. Mngeingiliana bila kondomu hapo ningekwambia kimbia hospitali ndani ya saa 72 upewe PEP, dawa za siku 28 za kuzuia maambukizi, ila kwa hili huzihitaji. Halafu usimuogope huyo dada, hata mwenye VVU anayekunywa ARV vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mtu kwa ngono, inaniuma sana watu hawalijui hili. Moyo ukigoma kutulia, kapime baada ya miezi mitatu.