Nyuki ndani ya spika: nilivyoisaka kelele kwenye redio ya gari langu

Tulikuwa tunatoka Manyoni kuja Dodoma, nampeleka mama kliniki. Kwenye flashi nilikuwa nimehamishia kanda ya zamani ya marehemu babu akipiga zeze harusini, kanda ambayo mama hakuwahi kuisikia tena tangu redio kaseti ya nyumbani iharibike. Tumefika karibu na Kintinku, babu ndiyo kwanza anaanza kuimba, spika zikaanza: ti-ti-tiki, ti-ti-tiki, halafu vrrrrr ndefu iliyomfunika babu kabisa. Mama akanigeukia, "Mwanangu, hawa nyuki wameingilia wapi?"

Iliniuma. Wiki hiyohiyo nilimpelekea gari fundi mmoja, hata hakukaa ndani kusikiliza. Akasema amplifaya imekufa, weka nyingine. Nikanunua, akafunga, nikalipa. Safari iliyofuata, barabara ileile, baada tu ya Bahi, nyuki wakarudi. Naandika haya ili wewe usitoe hela kabla hujajua unatibu nini.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi redio pale Majengo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, halafu hakuuliza gari aina gani wala amplifaya ya wati ngapi. Aliuliza, "Hiyo kelele inakuja lini?" Nikabaki nimeduwaa, sijui nijibu nini. Akaniambia, "Nenda kaisikilize siku mbili, kisha urudi."

Nikaisikiliza. Nikagundua kwamba mjini ilikuwa kimya karibu muda wote, inakuja nje ya mji, na mara nyingi inatangulia simu kuita kwa sekunde moja au mbili. Nikaanza kutazama kioo cha simu kila nyuki wanapolia: pale juu palikuwa pameandikwa E au 2G, yaani simu iko kwenye mtandao wa zamani, wa kizazi cha pili.

Sababu yake ni hii. Simu ikiwa kwenye 2G haitumi mawimbi mfululizo. Inapewa zamu moja kati ya nane, inatuma, inanyamaza, inangoja zamu yake tena, mara 217 hivi kwa sekunde. Mawimbi yenyewe sikio haliyasikii, lakini huko kuwaka na kuzima mara 217 ni mvumo ambao sikio linaupata vizuri sana. Waya wa sauti unaotoka redioni kwenda kwenye amplifaya unayanasa kama antena. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, na kipande cha waya cha sentimita 8, yaani robo yake, kinatosha kulinasa. Amplifaya ikishalipokea inakuza ule mvumo pamoja na zeze la babu, haibagui.

Na kwa nini Bahi na si mjini? Kwa sababu simu iliyo karibu na mnara inanong'ona, iliyo mbali inapiga kelele. Kwenye 2G ya masafa ya 900 inaweza kufika wati 2, wakati simu ya 4G kwa kawaida haivuki robo ya wati. Kwa hiyo barabara zetu za huku, zile nyika ndefu ambazo mnara unauona kwa mbali kama mwiba, ndiko nyuki wanakonona.

Dawa ya kwanza haina gharama: hamisha simu. Mimi nilikuwa naiweka kwenye kile kishimo chini ya redio, nyaya zote zinapita nyuma yake. Nikaihamishia mfuko wa mlango wa upande wa pili, mvumo ukapungua sana. Unaweza pia kuiwekea simu isitumie 2G kabisa, ila fahamu kwamba ukifika sehemu yenye 2G pekee hutapatikana, na mimi nikiwa na mgonjwa garini sithubutu.

Lakini haukuisha. Hapo ndipo nilipokaribia kukata tamaa, nikafanya jambo ambalo namshauri kila mtu alifanye. Nilitoka nje ya mji, nikaegesha, nikazima injini, nikazima simu zote, nikaacha redio imewaka bila wimbo. Kimya. Dakika kadhaa zikapita. Ti-ti-tiki.

Nilipofungua dashibodi nikakuta kijisanduku cheusi, ukubwa wa kiberiti, kimefungwa kwa selotepu nyuma ya redio na kimelalia waya wa sauti kama paka aliyelala kwenye mkeka. Ilikuwa traka, imefungwa na mwenye gari wa kwanza, ina laini yake ya simu ndani na kila baada ya muda inatuma mahali gari lilipo. Magari mengi yaliyonunuliwa kwa mkopo au yaliyokuwa ya biashara yanazo. Usiikate. Kama gari lina deni, waambie walioifunga waihamishe wenyewe. Yangu haikuwa na mwenyewe tena, nikaisogeza upande wa abiria, mbali na nyaya.

Kisha yule mzee akanionyesha kitu nilichokuwa nakiona kila siku bila kukijua: lile donge jeusi kwenye waya wa skrini za kompyuta za zamani. Ndani yake kuna feraiti, jiwe linalozuia mawimbi ya juu yasisafiri kwenye waya na kuacha sauti ipite. Zipo za kubana kama kibanio, na kwa mafundi wa kompyuta chakavu unaweza kupata kwa bei ndogo. Ibane kwenye waya wa sauti karibu kabisa na pale unapoingia kwenye amplifaya. Ukiibana katikati ya waya, kipande kilichobaki mbele yake kinaendelea kunasa.

Safari ya kurudi mama aliisikiliza kanda yote. Kuna mahali babu anakohoa kabla ya ubeti wa pili. Akaniomba nirudishe hapo mara tatu.

Sasa, si kila kelele ni simu. Kama inasikika kwenye FM tu, na ukichomeka flashi inapotea, mtuhumiwa ni chaja ya kwenye kiwashio cha sigara, au modulata ya bluetooth (kile kidude kinachorusha nyimbo za simu kwenye FM ya redio), au kamera ya dashibodi. Watu wanalaumu bluetooth yenyewe, lakini nguvu yake ni ndogo mno. Kinachochafua ni ule umeme wa ndani ya chaja ya bei rahisi, unaowaka na kuzima makumi hata mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde ili kushusha volti 12 ziwe 5, na uchafu wake unapanda hadi kwenye masafa ya FM. Chomoa kimoja kimoja huku redio inaongea. Redio ikisafika, umempata. Feraiti inasaidia hapa pia, na kwa waya wa chaja uzungushe mara mbili tatu ndani yake.

Kama ni mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia, hiyo ni kelele ya altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, inayopenya kupitia nyaya, haihusiani na simu. Angalia waya wa negativu wa amplifaya: uwe mfupi, ufungwe kwenye chuma kitupu kilichokwanguliwa rangi kwa msasa. Wangu ulikuwa umefungwa juu ya rangi, na vumbi letu jekundu limejaa kwenye boliti. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari, wa sauti upande mwingine. Toa kwanza negativu ya betri kabla hujagusa chochote, na usichokonoe nyaya za mifuko ya hewa.

Jambo moja kwa wenye magari ya Japani. Redio zake nyingi za zamani zinaishia megahezi 90, kwa hiyo kuna bendi ekspanda kwenye waya wa antena, kijisanduku kinachozishusha stesheni za juu ya hapo ili redio izipate. Ikichoka inakoroma stesheni zote sawasawa, hata mjini. Ukiibadilisha na kelele ikaisha, hukuwa na ugonjwa mwingine.

Na ukienda kwa fundi, mweleze hivi: inakuja lini, inabadilika na injini au la, ipo kwenye FM tu au hata kwenye flashi, na inatokea simu zote zikiwa zimezimwa au la. Kama bado anakuambia ununue amplifaya bila kukaa ndani ya gari akasikiliza, chukua ufunguo wako.