Kabla hujaingia utawani, uliza ufunguo wa stoo anao nani

Wasichana huniuliza kama waingie utawani. Siwakatazi. Nimeishi konventini, nimevaa shela, na baadhi ya masista niliowakuta humo ni watu wema kuliko wote niliowahi kuishi nao. Ninachowasihi ni kwamba, wakishauliza kuhusu sala na kazi, waulize pia madaraka yanatumikaje ndani ya nyumba ile.

Madaraka ya konventini yamo kwenye vitu vidogo. Kwetu sabuni, pedi na dawa ya meno vilifungiwa kabatini, ufunguo anao mkubwa wa jumuiya, na kila ulipoishiwa ulikwenda kuomba. Ukiwa umemfurahisha, unapewa papo hapo. Ukiwa umemjibu mezani, unaambiwa njoo kesho, na kesho unaambiwa vilevile. Hujapigwa, hujatukanwa, huna hata cha kushtakia. Ila baada ya miezi michache unapima kila neno kabla ya kulitamka, na mwenzako akionewa unatazama sahani yako. Nauli ya kwenda msibani ni hivyohivyo, na simu, na nafasi ya kwenda kusoma. Mtu mzima anayebembeleza apewe pedi atapata wapi ujasiri wa kuhoji hesabu za shirika?

Tulifundishwa kuwa sauti ya mkubwa ni sauti ya Mungu. Hatukuambiwa kwamba naye amewekewa mipaka. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 618, zinamtaka atawale kwa roho ya utumishi na awasikilize walio chini yake. Kanuni ya 630 inamkataza kumshawishi mtawa kwa namna yoyote amfunulie dhamiri yake. Kwa hiyo mkubwa akikuita ofisini akataka umweleze ulichoungama, nyamaza. Hujavunja utii. Na novisi, yaani aliye bado kwenye malezi kabla ya kuweka nadhiri, kwa kanuni ya 653 yuko huru kuondoka wakati wowote.

Madaraka yasiyohojiwa yanafika pabaya. Mwaka 1994 Sista Maura O'Donohue, ambaye alikuwa daktari, alipeleka Vatikani ripoti kuhusu masista waliodhulumiwa kingono na mapadre, wakiwemo wa Afrika. Watu wengi waliijua mwaka 2001 tu, ilipotoka gazetini. Papa Fransisko alikiri hadharani tatizo hilo Februari 2019, na Mei mwaka huo akatoa hati inayowalazimu mapadre na watawa kutoa taarifa za dhuluma ya aina hiyo. Miaka ishirini na mitano! Wale masista waliishije muda wote huo?

Basi, binti, omba kusoma katiba ya shirika kabla hujapeleka barua ya maombi. Zungumza na waliotoka, si na waliobaki peke yao. Acha nyumbani nakala za vyeti vyako. Tafuta mwungamishi asiyekula meza moja na wakubwa wako, na namba ya simu ya dada yako uijue kwa kichwa.

Wazazi, nanyi nawaomba. Anayetoka hawezi kudai malipo ya kazi aliyoifanya shirikani. Kanuni ya 702 inalitaka shirika limtendee kwa haki na upendo, lakini wengi nimewaona wakitoka na begi tu. Wengine wanavumilia manyanyaso kwa sababu wanaogopa aibu ya kijijini kuliko wanavyomwogopa mkubwa. Mwambieni binti yenu kabla hajapanda basi kwamba akirudi, hata baada ya nadhiri za daima, atapokelewa na hataulizwa maswali mlangoni.